Farasi wa Kwenye Karatasi

Ugomvi wenyewe karibu kila mara una sura moja. Mtu ana Hilux ya dizeli ya lita 2.8, ile yenye injini ya 1GD ambayo Toyota ilipoitoa mwaka 2015 iliipa farasi 177. Anamlipa fundi abadilishe programu ya kompyuta ya injini, akiahidiwa farasi 215. Gari linapandishwa kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu, linanguruma mpaka mabati ya karakana yanatetemeka, karatasi inatoka: 217. Furaha tupu. Baada ya muda rafiki anamshauri apitie karakana nyingine "kuhakikisha tu", na huko mashine inatoa 174. Yaani chini hata ya kile ambacho gari lilitoka nacho kiwandani! Simu zinaanza, makundi ya WhatsApp yanagawanyika pande mbili, na jina la fundi linapakwa matope mji mzima.

Inawezekana kabisa karatasi zote mbili ni za kweli. Inawezekana pia ya kwanza ni ya uongo. Kwa kuitazama namba peke yake huwezi kujua. Kinachokata shauri ni masharti ya kipimo, na masharti hayo hupangwa kabla faili la programu mpya halijaingizwa kwenye gari. Ukishalipa na kuondoka, kila mtu anabaki na lake mdomoni.

Tuanze na kinachopimwa. Daino ya rola haigusi injini. Gari linafungwa kwa mikanda, magurudumu yanazungusha rola, na mashine inapima nguvu inayofika kwenye rola hizo, basi. Kati ya injini na rola kuna giaboksi, propela shafti, difu na tairi, na kila kimoja kinakula chake. Gari la gia za mkono linalosukumwa na magurudumu mawili laweza kupoteza asilimia 10 hadi 15 njiani. Otomatiki inayoendesha magurudumu yote manne hupoteza zaidi. Namba ya kiwandani, ile 177, ni ya injini yenyewe, kabla giaboksi na difu havijakula chochote. Sasa chukua ile 174 ya karakana ya pili, tuseme ni ya magurudumuni, uigawanye kwa 0.8, yaani ukikadiria kwamba asilimia 20 imepotea njiani. Unapata 217. Gari lile lile, nguvu ile ile, karatasi mbili, na watu wawili wasiosalimiana tena.

Lakini ile asilimia 20 ilitoka wapi? Hapo ndipo pa kumbana fundi. Daino nyingi hukadiria upotevu kwa kuacha gari lijiendee klachi ikiwa imekanyagwa, au nyutro kwa otomatiki, baada ya kufika mzunguko wa juu, huku zikipima jinsi rola zinavyopoteza kasi. Mguu ukiigusa breki kidogo tu wakati huo, mashine inadhani giaboksi inakula sana, na inaikabidhi injini farasi ambao haijawahi kuwa nao. Daino nyingine hazipimi upotevu hata kidogo. Mwendeshaji anaandika asilimia anayoipenda. Akiandika 15 una namba moja, akiandika 25 una nyingine, na hakuna alarma inayolia. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni mfupi: omba namba ya magurudumuni, uandikiwe, na ya injini uichukulie kama makadirio. Ukipewa karatasi isiyosema ni nguvu ya wapi, irudishe.

Vipimo navyo vina kabila lake. Wajapani na Wajerumani huhesabu farasi wa kimetriki, na kilowati 150 ni farasi 204 kwa hesabu hiyo. Kwa farasi wa Kiingereza ni 201. Kuna watu wamekosana kwa hao watatu. Tena hata daino moja, gari moja, mizunguko miwili ya kipimo iliyofuatana inaweza kupishana kwa asilimia moja au mbili, kwa hiyo mtu anayegombania farasi wanne katika gari la 200 anagombania joto la siku.

Sasa twende Nairobi, maana huko ndiko farasi wa bure huzaliwa kwa wingi. Mombasa, kando ya bahari, kanieneo ya hewa ni takribani milibari 1,010. Nairobi, mita kama 1,700 juu, ni karibu 830. Injini ya petroli isiyo na turbo hulipia tofauti hiyo moja kwa moja: hewa pungufu, nguvu pungufu. Kwa sababu hiyo daino zimewekewa hesabu za kusahihisha, zenye majina ya viwango kama SAE J1349, DIN 70020 na EEC 80/1269, ili gari lililopimwa mlimani liweze kulinganishwa na lililopimwa pwani. Kwa hewa ya Nairobi, hesabu ya petroli huongeza kama asilimia 20 au zaidi juu ya kilichopimwa.

Dizeli ya kisasa yenye turbo haiendi hivyo. Kompyuta inataka presha fulani iingie kwenye injini, na turbo inazunguka kwa kasi zaidi mpaka iifikishe. Nguvu inapungua kiasi, lakini si kwa kiwango cha injini isiyo na turbo. Ukiichukua injini ambayo tayari imejifidia, halafu ukaimwagia tena fidia ya petroli, umeilipa mara mbili kwa kazi moja. Viwango vyenyewe vina hesabu ya pekee kwa dizeli zenye turbo, na havikuandikwa kuziba pengo kubwa kiasi hicho. Vinataka kipimo kifanyike katika hewa inayokaribiana na ile ya rejea. Kwenye skrini ya daino, hata hivyo, yote hayo ni kitufe kimoja. Fundi anaweza kukibonyeza kwa nia njema kabisa, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofundishwa kupima Subaru.

Kwa hiyo kama uko Nairobi, Nakuru, Eldoret au Arusha, mwambie azime sahihisho lote, kabla na baada. Namba zitakuwa ndogo na hazitapendeza kupiga picha. Lakini ndio farasi utakaokuwa nao ukiupanda mlima wa Mai Mahiu na mzigo. Akikataa kuzima, tazama jina la kiwango kwenye karatasi zote mbili. Kabla ikiwa na kiwango kimoja na baada kingine, ongezeko hilo halikufanywa na faili. Angalia pia joto lililoandikwa. Kuna kijiti cha kupimia joto la hewa ambacho kinatakiwa kuwa kwenye hewa inayoingia injini. Kikining'inizwa karibu na ekzosi, mashine inaamini injini inavuta hewa ya moto na inaihurumia kwa farasi wa nyongeza.

Na kimo kina jambo zito kuliko hao farasi wa karatasi. Tuseme faili jipya linaidai turbo ifikishe bari 2.5, ukihesabu na hewa ya kawaida. Mombasa, turbo inaikandamiza hewa mara 2.5 hivi. Nairobi inapaswa kuikandamiza mara 3. Limuru, juu zaidi, mara 3.2. Kila hatua ni mizunguko zaidi na joto zaidi, na turbo ina mwisho wake. Kiwandani waliweka majedwali ya kupunguza presha gari linapopanda juu, na hayo ndiyo baadhi ya waandishi wa mafaili huyasawazisha ili gari "lisilegee". Faili lililojaribiwa Dar es Salaam na likawa tamu laweza kuiua turbo ya mtu wa Limuru kimya kimya. Muulize fundi swali hili waziwazi: umeyagusa majedwali ya kimo? Asipoelewa swali, umeshapata jibu.

Swali hilo linatupeleka kwa faili lenyewe. Wengi hawajui kwamba fundi mwenye kompyuta ndogo na waya mara nyingi siye aliyeandika chochote. Anasoma faili la gari, analituma kwa barua pepe kwa mtaalamu aliye Ulaya au kwingineko, analipokea limebadilishwa, analiingiza. Si dhambi. Lakini huyo mtaalamu hajaliona gari lako, hajui dizeli unayojaza, wala hajui kama unaishi ufukweni au mlimani isipokuwa ameambiwa. Halafu kuna kompyuta za magari ambazo hazisomeki kupitia soketi ya OBD. Kwa hizo, faili "la mwanzo" linaletwa kutoka kwenye hifadhi ya mtengenezaji wa kifaa anachotumia fundi, kwa kufuata namba ya toleo. Kwa hiyo usitosheke kuambiwa "la zamani lipo". Uliza kama lilisomwa kutoka kwenye gari lako, na nakala yake uiweke kwenye flashi yako mwenyewe siku hiyo hiyo. Migogoro mibaya kuliko yote niliyoisikia haikuhusu farasi. Ilihusu gari lililogoma na fundi asiyepokea simu, huku faili la kiwandani halijulikani liliko.

Rudi sasa kwenye kipimo cha kabla. Karakana nyingi hukiruka, ama kwa kubana muda ama kwa sababu mteja mwenyewe hataki kulipia mara mbili, kisha zinachukua namba ya kitabuni kama ndiyo ya kabla. Usikubali hata kidogo. Gari la miaka minane lililoingizwa kutoka Japani, likiwa na chujio la hewa lililojaa vumbi, bomba la intakula lenye ufa na injekta mbili zinazorudisha mafuta kupita kiasi, halina farasi wa kitabuni. Fundi mwenye bahati atabadilisha chujio, atakaza bomba, ataingiza faili, na sifa zote zitaliendea faili. Asiye na bahati ataingiza faili zuri kwenye gari gonjwa, na lawama zote zitamwangukia yeye. Gari likaguliwe kwanza kwa skana, makosa yaliyohifadhiwa yaandikwe, marejesho ya injekta yapimwe, klachi ijaribiwe, na kwa magari kama Mazda CX-5 ya dizeli, kiwango cha masizi ndani ya DPF, yaani chujio la masizi la ekzosi, kisomwe. Gari likipimwa wakati DPF inajichoma, utapata namba ya ovyo, na fundi mjanja hatakuwa na haraka ya kukutajia hilo kama kipimo chenyewe ni cha kabla.

Kipimo kiwe cha mizunguko mitatu, si mmoja. Gia iwe ile ile, ikiwezekana yenye uwiano unaokaribia moja kwa moja. Upepo wa tairi uwe ule ule. Feni iwe mahali pale pale, na hapa kuna kitu kidogo ambacho watu hawakitazami: pikapu zenye tundu la hewa juu ya boneti hupooza intakula kwa upepo unaoingia kwenye tundu hilo. Feni ya daino iliyosimamishwa mbele ya bampa haiufikishi upepo huo juu. Mzunguko wa kwanza utakuwa mzuri, wa tatu utakuwa umepungua, na mteja ataambiwa gari lake "linachoka". Halichoki. Linapumua hewa ya moto. Wekeni feni ya pili juu, au msubiri dakika kadhaa kati ya mizunguko, na mfanye vivyo hivyo kabla na baada.

Gari lenyewe pia laweza kuvuruga kipimo. Magurudumu mawili yakizunguka na mawili yamesimama, kompyuta ya breki inadhani unateleza na inapunguza nguvu. Mengine yana hali maalumu ya kupimiwa inayotakiwa kuwashwa. Na tusisahau kwamba mwaka 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliibana Volkswagen kwa dizeli zilizotambua kwamba ziko kwenye rola za maabara na zikabadilisha tabia ili zionekane safi. Kampuni ilikiri kwamba magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Tangu hapo sioni haya kumwambia mtu asiyaamini sana yanayotokea gari likiwa limefungwa mikanda.

Unaweza pia kuikagua karatasi ukiwa nyumbani, kwa kikokotoo cha simu. Zidisha kilowati kwa 9,549, gawanya kwa mizunguko ya injini kwa dakika, unapata torki kwa nyutoni mita. Kilowati 160 kwenye mizunguko 3,400 ni torki 449. Mchoro ukionyesha 520 mahali hapo, kuna kitu hakiko sawa. Tatizo laweza kuwa namna mizunguko ilivyosomwa, maana dizeli haina plagi za cheche za kubania waya wa kuhesabia. Mashine inaipata kwa OBD, au kwa mtikisiko wa umeme wa altaneta, au inakisia kutoka kwenye kasi ya rola. Kwa otomatiki ambayo giaboksi yake haijajifunga, kukisia huko kunayumba sana. Nguvu itakuwa sahihi, torki itakuwa hadithi.

Torki ndiyo nawaomba muiogope kuliko farasi. Farasi wengi huja mzunguko wa juu, ambako dizeli yako haifiki kila siku. Torki kubwa kwenye mizunguko 1,800 unaikanyaga kila unapotoka kwenye taa, na ndiyo inayoteketeza klachi na kuumiza giaboksi. Toyota wenyewe walipoiongeza hiyo hiyo 1GD mwaka 2020, walitoka farasi 177 hadi 204 na torki 450 hadi 500 kwa otomatiki. Ni asilimia 15 na asilimia 11, na walifunga turbo kubwa zaidi. Sasa anakuja mtu na waya wa OBD, anakuahidi asilimia 35 kwa turbo ile ile ya zamani. Mimi ningemwomba asilimia 15, torki ipande taratibu, moshi mweusi usionekane, na hizo asilimia 20 zilizobaki nimwachie yeye. Fundi mzuri atafurahi kusikia hivyo. Anayekasirika anatafuta picha ya kuweka mtandaoni.

Makubaliano yaandikwe, na hayahitaji wakili. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kabisa mradi mwenzako ajibu: "Fundi, kama tulivyozungumza: kipimo kabla na baada kwenye daino yako, siku moja, mizunguko mitatu kila upande, nguvu za magurudumuni bila sahihisho. Ongezeko lisilopungua asilimia 12. Torki isizidi 500. DPF isiguswe. Nipewe faili la mwanzo. Gari likionyesha kasoro inayotokana na faili ndani ya siku 30, unarudisha la mwanzo bure. Sawa?" Tazama kwamba hapo hujadai farasi 215. Umedai ongezeko la asilimia, kwenye mashine moja, siku moja. Hicho ndicho kitu pekee ambacho fundi anaweza kukiahidi kwa haki na wewe ukakithibitisha.

Na kama maji yameshamwagika, tayari una karatasi mbili zinazopingana? Usianze na tuhuma. Mpigie aliyefanya kazi, omba gari lirudi kwenye daino yake wewe ukiwepo, sahihisho likiwa limezimwa, na skana ikiwa imeunganishwa. Skana ndiyo shahidi bora. Irekodi presha ya turbo inayoombwa na inayopatikana, na presha ya mafuta kwenye reli vivyo hivyo. Kama faili linaomba bari 2.4 na turbo inatoa 2.0, tatizo liko kwenye gari: bomba, turbo, au vali zake. Kama linaomba kile kile kilichokuwepo kiwandani, basi hakuna kilichoandikwa, au kilichoandikwa kimefutika. Hapo hata yule rafiki wa WhatsApp atanyamaza.

Kipimo cha barabarani nacho si cha kudharau. Sehemu tambarare, isiyo na watu, gia moja, watu wale wale garini, mafuta kiasi kile kile. Abiria apige video ya kipima mwendo kutoka kilomita 60 hadi 90 kwa saa, kwenda na kurudi. Faili la kwanza, kisha la pili. Ukiwa umeongezwa nguvu kwa asilimia 25 kweli, muda unatakiwa ushuke kwa karibu moja ya tano: sekunde 8 ziwe kama 6.4. Zikiwa 7.8, umenunua hisia. Faili linaloamsha kanyagio la mafuta mapema hufanya gari lionekane jepesi bila kuongeza chochote, na wengi huridhika nalo miezi mizima.

Ikishindikana kusikilizana, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo inayosikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia mwenyewe. Ule ujumbe wa WhatsApp na karatasi mbili zenye masharti sawa zitakusaidia huko. Karatasi mbili zenye masharti tofauti zitamsaidia mwenzako. Kampuni ya bima nayo iarifiwe mapema kuhusu mabadiliko, hata kama itaongeza malipo. Ikijua baada ya ajali, ina sababu ya kukataa kulipa, na hapo hutakuwa na wa kushtaki.

Mwisho, kabla hujarudi kwa fundi kulalamika kwamba nguvu "zimepotea", kumbuka gari lilipelekwa wapi mara ya mwisho. Muuzaji rasmi akilifanyia sevisi na kusasisha programu ya injini, faili lako linafutwa bila mtu kukuambia. Uliza dawati la sevisi kama waliingiza toleo jipya. Kama waliingiza, usimwambie fundi wako alirudishe la zamani juu yake. Alisome hilo jipya kwanza, maana toleo la programu limebadilika, na faili la toleo la zamani laweza kuliacha gari likiwa limezima palepale karakana.